Longonot kwa mzee wa miaka 68: azunguke kreta au aishie ukingoni?

Wadau, mzee wetu hutembea kilomita 5 kila asubuhi, tambarare. Sasa anataka kupanda Mlima Longonot, ile volkano ya Kenya, na kuzunguka kreta (shimo kubwa la juu) kwa siku moja. Ajipange vipi?

Jibu 1
Langoni hadi ukingoni ni kama kilomita 3, mzunguko 7.2, kisha kuteremka: jumla 13 na ushei. Kilele ni mita 2,776. Aanze asubuhi na mapema, abebe lita 3 za maji (juu hakuna hata tone) na njugu zenye chumvi. Akitembea kwa zaidi ya muda wa saa mbili kabla ya kufika ukingoni, ageukie hapo hapo.

Jibu 2
Kinachoangusha watu ni kuteremka. Changarawe za volkano hubingirika chini ya soli kama punje za mahindi sakafuni. Fimbo mbili za kupandia mlima (zile zinazorefushwa), azirefushe kidogo akishuka. Hatua fupi, magoti yasikazwe. Kucha za miguu azikate mapema, la sivyo vidole vitagonga ncha ya kiatu hadi vivilie damu.

Jibu 3
Vumbi la majivu ni jembamba mno, avae barakoa. Mvua ikiwa imenyesha, aahirishe: ile mifereji njiani huteleza vibaya.