Soketi ya OBD ni ileile, mbona gari la zamani halisomi?

mpenda_nyaya: Wadau naomba msaada, nina kidude cha kusomea kompyuta ya gari kupitia soketi ya OBD (mfumo wa gari kujipima hitilafu), kwenye gari la 2010 kinasoma freshi kabisa, nikichomeka kwenye la 1999 taa inawaka ila data hakuna. Soketi si ileile ya pini 16? Au nimeuziwa feki?

fundi_skana: Sio lazima iwe feki mkuu. Wamarekani walipolazimisha OBD-II kwa magari ya 1996 walisawazisha umbo la soketi, lugha kila kampuni ikabaki na yake. Ford walikuwa na lugha iitwayo J1850 ya kilobiti 41.6 kwa sekunde, GM nao J1850 ya 10.4 na hazielewani, magari mengi ya Ulaya na Japani yakaongea kwa K-line, lugha nyingine inayopita pini ya 7. CAN, lugha ya pamoja iliyokuja kuchukua nafasi ya hizo, inapita pini ya 6 na 14, na Marekani ilikuja kuwa lazima kwa magari yote kuanzia modeli za 2008. Baadhi ya vidude vya bei chee vinajua CAN tu, hiyo taa inawaka kwa sababu umeme unatoka pini ya 16, haina uhusiano na lugha.

mpenda_nyaya: Kumbe! Ila CAN si ya zamani, mbona ilichelewa hivyo?

bit_sifuri: Ya zamani sana, Bosch walianza kuitengeneza 1983 wakaitambulisha Detroit 1986, na ilisaidia kupunguza nyaya zilizojaa kwenye gari hadi kero. Utamu wake ni kwamba hakuna bosi, kila kompyuta inaongea kwenye waya uleule, wawili wakianza pamoja mwenye ujumbe wa namba ndogo ndo anaendelea, mwingine ananyamaza na ujumbe wa huyo anayeendelea hauharibiki hata kidogo. Kwa breki na injini hilo ni jambo kubwa. ISO, shirika la viwango la kimataifa, wakaifanya kiwango 1993, ila kampuni zilishawekeza kwenye zao, nani aache kirahisi?

fundi_skana: Halafu msidhani CAN imemaliza kila kitu, vioo vya madirisha vingi ni LIN, waya mmoja wa polepole, na baadhi ya kamera siku hizi zinaenda kwa Etheneti, mtandao kama wa kompyuta za ofisini. FlexRay, lugha nyingine ya magari, ilikuja na mbwembwe za megabiti 10 kwa sekunde, mi naona ilikuwa ghali bure tu. Mkuu chungulia soketi yako, pini zipi zina chuma?

mpenda_nyaya: Nimemulika na tochi ya simu, 6 na 14 tupu kabisa, ya 7 ipo 😂 natafuta kidude cha K-line