Ushauri wenu wakuu: nitawapata wapi watu waliosoma kwa ajili ya kijiwe cha kujadili uhuru na soko huria?

Msomaji wa Kusini:
Wakuu, habari za jioni. Niko mkoa wa Mtwara, wilaya sitaitaja. Nataka kuanzisha kijiwe cha kusoma na kujadili falsafa ya uhuru wa mtu: serikali iwe ndogo, mali ya mtu iwe yake kweli, watu wauziane kwa hiari yao. Shida ni watu. Niliowagusa hapa wanapenda siasa za vyama tu. Mmoja nilimwazima kitabu cha Hayek cha 1944, yule mchumi mtetezi wa soko huria, akakirudisha baada ya wiki na risiti ya duka bado imechomekwa ukurasa wa kwanza, pale pale nilipoiacha. Nahitaji watu sita hivi, waliosoma vitabu na wenye mtazamo kama wangu. Mlio na vijiwe vya namna hii mliwapataje? Naomba majibu ya haraka kidogo, usingizi umekata.

Kitalolo:
Mkuu, wazo zuri, ila hilo la "mtazamo kama wangu" liondoe. Watu sita wanaokubaliana wataishiwa maneno wiki ya pili. Tafuta mjamaa mmoja aliyekolea, aliyelisoma Azimio la Arusha mstari kwa mstari. Huyo ndiye atawalazimisha msome.

Mama Wawili:
Mwanangu, una familia? Mume wangu alikuwa na kijiwe cha bao, kila siku anarudi saa nne usiku. Vitabu ni vizuri, lakini nyumbani kwanza.

Mpemba wa Wete:
Assalamu alaykum. Mie vitabu hivyo sijavisoma, lakini hayo mambo tumeyaishi. Huku karafuu unauza kwa shirika la serikali tu, kwa bei yake. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikamatwa usiku pwani na magunia mawili yanakwenda Mombasa. Mikarafuu kaipanda yeye, kaichuma yeye na wanawe, na kesi ikaitwa magendo. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza: nimemuibia nani?

Kidagaa77:
Pole sana Mpemba. Sisi huku bara 1983, ile kamatakamata ya wahujumu uchumi, shangazi alizitumbukiza katoni za sabuni chooni usiku. Sabuni alizonunua kwa hela yake!

Bi Chuma:
Turudi kwa mleta mada. Kijana, mtu anayetaka kusoma vitabu na wenzake hakosi usingizi. Unafanya kazi gani, na umeshafanya nini mpaka sasa?

Msomaji wa Kusini:
Dada, kazi yangu haina uhusiano na hili. Mimi nimeuliza wanapopatikana watu.

Bi Chuma:
Ndiyo maana nauliza tena.

Msomaji wa Kusini:
Haya. Mimi ni afisa ushirika. Nasimamia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, na moja ya kazi zangu ni kuhakikisha korosho zinapita stakabadhi ghalani, yaani zinakusanywa ghalani, mkulima anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa mnadani, na kuzuia kangomba, wale wanaonunua kwa mkulima kinyemela nje ya mfumo huo. Tangazo nimeshabandika kwenye duka la vifaa vya shule na ubao wa maktaba, na namba yangu ya simu iko pale. Mada ya kwanza nimeiandika hivi: "Je, mkulima ana haki ya kumuuzia kangomba korosho yake?" Chumba nimeshalipia.
Sioni kosa langu. Baada ya saa za kazi mimi ni raia. Ibara ya 18 ya Katiba inanipa uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kukutana na wenzangu. Tangazo sitalibandua.

Nyegere Mpole:
Mchana unamkamata kangomba, Jumamosi unamtetea! Mkuu, akija pale ukumbini utamkaribisha au utamfunga pingu? 😂

Bi Chuma:
Sasa tumefika. Katiba inakulinda ujadili Hayek. Lakini mada yako ni kazi yako yenyewe, na wakulima unaowasimamia watalisoma lile tangazo. Wataelewa kwamba afisa karuhusu kangomba. Mmoja atauza, atakamatwa yeye, wewe utabaki na kitabu. Badilisha mada, mjulishe mkuu wako kwa barua, hapo ndipo utafute watu.

Kidagaa77:
Ngojeni kwanza. Hii ni chai. Afisa ushirika gani mwenye akili timamu anabandika namba yake chini ya neno kangomba, tena Mtwara? Ama ni mtunzi, ama ni mtu wa kitengo, usalama. Angalieni anachotafuta: waliosoma, wasioipenda serikali, waje chumba kimoja. Mimi sabuni za shangazi nazifuta.

Mpemba wa Wete:
Yarabi. Na mie nimeshataja Wete.

Nyegere Mpole:
Kama ni afisa kweli, atueleze mnada unavyokwenda.

Msomaji wa Kusini:
Kabla ya minada kuhamia mtandaoni, barua za zabuni zilifunguliwa hadharani mbele ya wakulima. Kampuni moja moja inasomwa, tani ngapi, bei gani kwa kilo. Mwisho mwenyekiti anauliza: tunauza, hatuuzi? Msimu wa 2018 nilisikia "hatuuzi" mpaka mabati yanatikisika. Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, wanajeshi wakaja kusomba, halafu malipo yakasubiri uhakiki wa mashamba. Niliwaona wazee wamekaa na stakabadhi mkononi, ada za shule zimefika. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nani anajua thamani ya korosho ile siku ile: mwenye njaa nyumbani au mimi mwenye muhuri?

Kitalolo:
Mimi nimemwamini. Mkuu, anzeni na Ruvuma, hapo jirani. Chama cha maendeleo cha vijiji vya Litowa na wenzake, vijiji kama 17, watu walijiunga kwa hiari, wakalima pamoja, wakajiendeshea mambo yao. TANU ikakivunja 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio. Mjamaa atalia na wewe utalia, kila mtu kwa sababu yake. Na hakuna wa kukuuliza kuhusu kangomba.

Msomaji wa Kusini:
Hiyo naichukua. Lakini swali la kangomba litabaki, labda mwezi wa pili.

Mkulima Newala:
Mimi nina ekari nane za mikorosho. Niliishia darasa la saba. Naruhusiwa kuja, au ni waliosoma tu?

Msomaji wa Kusini:
Nilitaka waliosoma vitabu, sitaficha. Ila njoo. Beba stakabadhi zako na karatasi ya malipo ya msimu uliopita. Tutapitia makato moja baada ya jingine, nani kakata nini na kwa idhini ya nani.

Bi Chuma:
Na hiyo barua kwa mkuu wako, umeandika?