Saa maalumu za kuonana na HR kiwandani: nimekosea wapi?

Dada wa Utumishi

Habari za kazi, wakuu. Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar, upande wa barabara ya Pugu. Tunatengeneza ndoo, madumu na vile viti mnavyokalia misibani. Tuna wafanyakazi 340 na ushee ukiwajumlisha vibarua. HR tuko wawili, mimi na kaka mmoja wa mahudhurio. Bosi wetu anakaa ofisi ya mjini, huku tunamwona Jumatano.

Mashine hazizimwi, kwa hiyo shifti ni tatu. A inaingia saa 1 asubuhi, B saa 9 alasiri, C saa 5 usiku. Mimi naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni.

Mpaka miezi mitatu iliyopita mlango wangu ulikuwa wazi muda wote. Kuna siku niliamua kuhesabu kwa vijiti kwenye daftari: watu 47 kabla ya chakula cha mchana. Huyu fomu ya likizo, huyu barua ya kupeleka benki apate mkopo, yule anauliza mbona mchango wake wa NSSF wa mwezi wa pili hauonekani kwenye simu. Wengine walipita kusalimia tu, kwa sababu ofisi nzima feni inayozunguka ni ya kwangu.

Kilichonimaliza ni mshahara. Nilikuwa naingiza ovataimu huku watu watatu wamesimama mbele ya meza, nikamwandikia mzee mmoja wa ghala saa 4 badala ya 40. Slipu zikatoka, akaja nayo mkononi. Hakupiga kelele wala nini. Alikaa kwenye kiti akaniangalia. Bora angenitukana.

Basi nikabandika tangazo: huduma kwa wafanyakazi saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, nje ya hapo dharura tu. Mwezi ule ule nikafunga mshahara siku mbili kabla ya tarehe. Hilo halijawahi kutokea tangu niajiriwe.

Sasa wiki iliyopita nafika getini saa 2 kasoro, namkuta dada wa shifti C amekaa juu ya dumu karibu na mlinzi, anasinzia. Nikajua anasubiri usafiri. Saa 4 akaingia ofisini. Alitoka kwenye mashine saa 1 asubuhi baada ya kukesha, akakaa pale saa tatu nzima, anachotaka ni kusainiwa fomu. Mtoto wake kalazwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema ni dharura. Akasema mlinzi alimuuliza kama ana dharura, naye akajibu hapana, nataka kusaini fomu tu.

Nimesaini kwa dakika mbili. Sijalala vizuri siku mbili.

Wenzangu mlioko viwandani mnafanyaje? Nirudishe mlango wazi nife na foleni, au saa zibaki?

---

Mzee wa Tarehe 28

Zibaki. Nimefanya HR miaka 14, kwanza kampuni ya usafirishaji, sasa taasisi ya fedha. Mlango wazi ni sifa nzuri ya kuandika kwenye CV, ila hesabu za watu hazifanywi huku unapiga stori. Ukikosea NSSF ya watu 340 watakaokusumbua ni hao hao uliowafungulia mlango. Benki ina saa zake na hakuna anayesema benki haina utu.

Huyo dada ni bahati mbaya. Mfundishe mlinzi. Basi.

---

Opareta wa Zamani

Dada, mimi nimesimama kwenye mashine ya kupuliza madumu miaka 11, sasa nafuga kuku Kibaha. Ngoja nikueleze tangazo lako linasomekaje ukiwa umevaa ovaroli.

Saa 4 hadi saa 6, aliyeko kiwandani ni shifti A peke yake. B wamelala au wako kwenye vibanda vyao vya biashara. C ndiyo kwanza wanafika nyumbani kupumzika. Kwa hiyo tangazo lako limehudumia theluthi moja ya watu.

Lakini hata hao A, unadhani wanakuja? Mimi nikitaka kutoka kwenye mashine saa 4 lazima apatikane mtu wa kunishikia, dumu halisubiri. Mtu huyo anatolewa na supavaiza. Supavaiza ananiandikia kikaratasi cha kuachia mashine, na kabla hajasaini atauliza: unaenda HR kufanya nini?

Sasa, kama ninayekwenda kumsema ni yeye?

Tulikuwa na supavaiza mmoja, wasichana wa kufungasha walikuwa wanamjua. Hakuna aliyewahi kufika ofisi ya HR. HR wenyewe walisema kwenye mkutano kwamba hawajapokea malalamiko yoyote. Wangeyapokea vipi, wakati ruhusa ya kwenda kulalamika anaitoa mlalamikiwa? Zamani, kabla hawajaweka ratiba yao, angalau mtu alikuwa anachepuka akitoka shifti, anajifanya anapitia choo cha upande wa ofisi.

Foleni ya kazini kwako nayo inaonekana na kiwanda kizima. Mtu mwenye fomu atasimama. Mwenye jambo lake atageuza.

---

Katibu wa Tawi

Opareta umegusa palepale. Naongeza mambo mawili kutoka upande wa chama cha wafanyakazi.

La kwanza, posho ya usiku. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya hapo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Shifti C ya dada yetu ina saa 7 za usiku. B nayo ina saa 3, kuanzia saa 2 hadi saa 5, na wengi wa B hawajui kabisa kama wana chochote. Mahali nilipokuwa, C waliandikiwa saa 6 badala ya 7 kwa muda mrefu. Aliyegundua ni kijana mmoja aliyehamishiwa A, kwa sababu sasa alikuwa na muda wa kuingia ofisini akauliza slipu inasomwaje. Watu wenye hesabu ngumu kuliko wote ndio walikuwa hawamwoni wa kumuuliza.

La pili, vikao vya nidhamu. Kanuni za 2007 zinataka mfanyakazi apewe taarifa angalau saa 48 kabla ya kikao. Nimeona barua inatolewa Ijumaa saa 10 jioni, kikao Jumatatu saa 5 asubuhi. Kwenye karatasi saa 48 zimepita na chenji inabaki. Lakini mtu anahitaji nakala ya mahudhurio yake na barua zake za onyo ajitetee, na dirisha la HR linafunguliwa Jumatatu hiyo hiyo saa 4. Ana saa moja ya kujiandaa, tena yuko kwenye foleni.

Sisemi dada unafanya hivyo. Nasema ratiba yako mtu mwingine anaweza kuitumia hivyo.

Na huyo mama mwenye mtoto hospitalini: ana siku 4 za likizo ya dharura kisheria, ugonjwa wa mtoto umetajwa. Kama fomu uliyosaini ni ya likizo ya mwaka, mrudishie siku zake.

---

Mtumishi wa Pembezoni

Huku halmashauri saa zetu zinajulikana, saa 1 na nusu asubuhi hadi 9 na nusu alasiri. Siku hizi likizo inaombwa kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, kwa hiyo kinadharia hakuna haja ya mtu kuja. Juzi kaja mwalimu na bodaboda kilomita 70. Nywila imegoma.

Nikamfungulia saa 10. Ningefanyaje, nimwambie arudi kesho?

---

Wa Naivasha

Nasoma kutoka Kenya, niko HR kwa shamba la maua. Sisi hatungoji watu ofisini. Kila Jumanne asubuhi kabla kazi haijaanza tunabeba meza na faili hadi karibu na greenihausi, watu wanauliza wakielekea kazini. Tulianza Oktoba 2024, bima ya afya ya SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF. Makato yakawa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na kulikuwa tayari na makato ya mpango wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5. Watu walipoona karatasi za mshahara wa mwezi huo, foleni ofisini ilifika hadi kwa stoo ya mbolea. Hapo tukatoka na meza.

Dadangu, meza inamaliza asilimia kubwa ya maswali ya fomu na makato. Lakini bwana wa madumu ana haki. Mezani kila mtu anasikia. Hakuna mwanamke amewahi kuniambia jambo la maana pale mezani. Wananipigia jioni, na hiyo nayo si kazi, ni maisha yangu.

---

Dada wa Utumishi

Nimesoma zote mara mbili. Katibu, ilikuwa fomu ya likizo ya mwaka. Nimeshairekebisha, ana siku zake 4.

Nilichokuwa sijakiona ni hicho kikaratasi cha supavaiza. Miaka mitatu niko pale, nimevipokea vingi, vingine viko kwenye droo, sikuwahi kujiuliza vimesainiwa na nani na kwa maswali gani. Nilidhani saa 4 hadi 6 nimechagua kwa sababu ni katikati ya siku. Ni katikati ya siku yangu.

Nimemwomba bosi hivi: Jumanne na Alhamisi niingie saa 12 na nusu asubuhi, nikae na watu mpaka saa 2, niwapate C wanatoka na A wanaingia, wote wakiwa hawajafungwa na mashine. Jumatano nibaki baada ya saa 9 kwa ajili ya A wanaotoka. Baada ya hapo mlango unafungwa, nafanya mshahara. B nitawaona kabla hawajaingia, saa 8 hadi saa 9. Usiku sibaki. Basi la kampuni linaondoka saa 5 na robo usiku, na kutoka kituoni hadi kwangu ni mguu.

Bosi amekubali saa, amekataa ovataimu. Anasema mimi ni menejimenti.

---

Katibu wa Tawi

Wanaoondolewa kwenye kifungu cha saa za kazi ni wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe unamsimamia nani, feni?

---

Mzee wa Tarehe 28

Katibu usimponze dada wa watu. Ila mimi nangoja nione mwisho wa mwezi.

---

Dada wa Utumishi

Mrejesho, kama nilivyoahidi kwa walioniandikia pembeni. Ni wiki ya tatu sasa.

Jumanne ya kwanza walikuja 31, nusu yao C. Wengi walitaka kujua slipu inasomwaje, Katibu hapo ulinipa kazi, B nao wakasikia na kuanza kuuliza habari za saa zao 3. Nimegundua tulikuwa tunawalipa sawasawa, nimepumua. Mlinzi nimemwambia asiulize mtu kama ana dharura, aulize tu katoka shifti gani.

Alhamisi iliyopita walikuwa 22. Wa mwisho alisubiri wenzake waishe, akaingia bila fomu, akaufunga mlango mwenyewe. Mengine siyaandiki hapa. Opareta, asante.

---

Mzee wa Tarehe 28

Na mshahara umefungwa lini?

---

Dada wa Utumishi

Siku moja baada ya tarehe. Lakini zile 40 za mzee wa ghala nimezihakiki mara tatu.