Mwenzangu kaugua malaria Nkhata Bay, Malawi, muhuri umebaki siku 6: tusubiri au turudi Mbeya?

Soweto_Mbeya: Habari wakuu. Tuko wawili, tulivuka mpaka pale Kasumulu na mabegi yetu mgongoni, tukipanga kushuka na Ziwa Nyasa hadi Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Sasa mwenzangu yuko kitandani tangu jana. Kipimo kimeonyesha malaria, kapewa dawa ya mseto, usiku katapika. Muhuri wa kukaa Malawi kwenye pasipoti zetu umebakiza siku 6. Tusubiri, tupande basi turudi, au nitangulie atanifuata?

Tabibu_Rungwe: Poleni sana. Usimpandishe basi leo wala kesho. Kutoka hapo hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 300, kuna kona za Chiweta, na ukishavuka bado mlima wa Tukuyu unakusubiri. Dawa haitakaa tumboni kwenye barabara hiyo.

Mseto wa ALu (artemether na lumefantrine) kwa mtu wa kilo 35 na kuendelea ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12. Amezee chakula chenye mafuta, hata kikombe cha maziwa au karanga, maana bila mafuta dawa inaingia mwilini kidogo mno. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie vyote vinne, na wewe uende siku hiyohiyo kuomba vinne vya kufidia. Hapa ndipo watu wanapokwama: siku ya tatu paketi imekwisha, dozi haijakamilika.

Angalia pia saa. Muuguzi wa huko akiandika 8 na 20 kwenye paketi, kwa kuhesabu saa kwa Kiswahili ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ukiisoma 8 kuwa saa nane mchana, umemchelewesha saa sita nzima.

Akianza kuchanganyikiwa, akashindwa kukaa mwenyewe, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au akatapika kila anachomeza, mpeleke hospitali hata kama ni usiku wa manane. Hapo atachomwa sindano za artesunate kwa saa 24 au zaidi, kisha aanze mseto mzima wa siku 3. Tafadhali msiseme "malaria tumeizoea". Aliyekulia kwenye baridi ya Mbeya mjini au Makete hana kinga ya mtu wa Kyela.

Njia_ya_Kasumulu: Siku 6 ni chache. Dozi ni siku 3, na homa ikishuka mtu bado hana nguvu za kubeba begi, mpe siku 3 nyingine za kula na kulala. Ofisi ya uhamiaji iko Mzuzu, kama kilomita 50 kutoka hapo. Nenda mapema, usingoje siku ya mwisho, na ubebe pasipoti zote mbili pamoja na karatasi ya hospitali yenye tarehe na muhuri. Ongeza siku zako pia! Wengi humwombea mgonjwa tu, kisha anayemuuguza ndiye anayekwama mpakani.

Kutangulia, hapana. Anayechanganyikiwa kwa homa hajijui, lazima awepo wa kumwona. Ombeni chumba cha chini chenye choo ndani na chandarua kisichotoboka. Paketi ya ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) ni ya lita 1 ya maji safi. Ikikosekana, lita hiyo iwekwe vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Akipata nafuu, ikateni safari kwa kulala Karonga. Pale Kiswahili kinapatikana, na Mnyakyusa akiongea na Mngonde wanaelewana.

Soweto_Mbeya: Asanteni mno. Dozi ya asubuhi kamezea maziwa, imekaa. Akimaliza, apime tena kabla hatujaondoka?

Tabibu_Rungwe: Kama homa imeisha na anakula, hapana. Kipimo cha haraka hushika mabaki ya vimelea, kinaweza kutoa mistari miwili hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona, akamezeshwa dozi nyingine bure. Homa ikikataa kushuka baada ya siku 3, au ikirudi ndani ya siku 28, aombe kipimo cha hadubini na aonyeshe paketi ya dawa aliyomeza, kwa hiyo msiitupe. Na wewe ukisikia baridi ya ghafla, pima siku hiyohiyo, maana mmelala chumba kimoja na mbu walewale.