Naomba ushauri: safari ya meli, wazee wawili bila watoto

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi na mzee wangu tunaishi Uingereza. Yeye ana miaka 71, mimi 67. Wajukuu tumelea vya kutosha, sasa tunataka siku chache za utulivu, sisi wawili tu.

Mzee anataka meli ya watu wazima tu inayoondokea Southampton, kama Arcadia au Aurora za kampuni ya P&O, kwenda Norwei. Hakuna habari za uwanja wa ndege. Ila mimi bado natumia pasipoti ya Tanzania, kwa hiyo kuna viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya.

Roho yangu mimi iko Misri: mto Nile, Luxor hadi Aswan, usiku tatu au nne, na mahekalu ya Edfu na Kom Ombo njiani. Meli ndogo, unakaa kitini unaona mitende na watu wakilima.

Kinachonipa mawazo ni goti lake. Ngazi anashuka kiupande, mkono mmoja begani kwangu. Kule Luxor meli hufungwa ubavu kwa ubavu, unapita ndani ya meli za wengine ndipo ufike nchi kavu. Na Norwei kuna bandari ambazo meli hutia nanga mbali, abiria wanashushwa kwa boti.

Mliokwenda, mwenye goti bovu aliweza wapi? Chakula halali mlipataje? Na bima, kwa umri huu na presha, mlikata ya aina gani?