Kaye ya babu: tuichome, ao inaweza kufikisha mukubwa mbele ya sheria?

mwana_wa_Ndosho (Goma)

Bandugu habari zenu. Naomba musaada kwa kitu moja, na sikukuja hapa kutetea upande wowote. Babu yetu alitutoka mwezi uliopita, wakati tulikuwa tunapanga vitu vyake tukakuta kaye ndani ya valizi yake ya zamani, aliifunga na kipande cha kamba. Ni kaye ya shule tu, ya mistari, jalada lilishatoka. Ndani aliandika batu ba kijiji chetu kule Masisi bale baliuawa, kila jina na siku yake, mahali mwili uliokotwa, na nani alizika. Kuna ukurasa moja iko na majina 11, sita ya kwanza kwa biki ya buluu, kisha biki ikaisha akaendelea na krayo. Jina la saba, lile la kwanza la krayo, ni mama yangu mudogo. Miaka yote hii nilikuwa naambiwa tu "alikufa mu vita", basi.

Sasa jirani yetu mumoja anasema tuichome, kwamba ni hatari kuiweka ndani ya nyumba na tena haitafika popote juu bakubwa bako na imunite, ni kusema kinga ya kutoshitakiwa, banakamata tu batoto badogo ba bunduki. Sijalala vizuri tangu siku ile. Je ni kweli? Sheria ya kimataifa inaweza kugusa prezida ao ministri ao jenerali? Na kaye ya muzee wa kijiji iko na maana gani mbele ya bajuji?

stajiere_Ibanda (Bukavu)

Pole sana ndugu yangu kwa babu na kwa mama mudogo. Kwanza kabisa usiichome, na usiandike kitu ndani yake hata kusahihisha herufi moja.

Hii habari ya imunite watu wanaichanganya sana. Kuna mambo mawili. Mahakama ya nchi nyingine haiwezi kumkamata ministri wa mambo ya nje wa kwetu akiwa bado kwenye kiti, na hiyo sheria ilisemwa wazi kwa kesi yetu wenyewe Wakongomani: Ubelgiji walitoa manda ya kumkamata yule ministri wetu Yerodia mwaka 2000 kwa maneno aliyosema 1998, Congo ikaenda kulalamika La Haye, na tarehe 14/2/2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaipa Congo haki. Lakini bajuji hao hao walisema kinga siyo msamaha, yule mtu anaweza kuhukumiwa nyumbani kwake, ao akiisha kutoka kwenye kiti, ao na mahakama ya kimataifa yenye mamlaka. CPI, ni kusema Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ndiyo hiyo, kifungu cha 27 cha mkataba wake wa Roma kinasema cheo hakimwondolei mtu kesi, awe prezida awe depite. Charles Taylor alikuwa prezida wa Liberia, alipewa miaka 50. Hissène Habré wa Tchad alihukumiwa kifungo cha maisha Dakar mwaka 2016, na ile tribunali ilikuwa ya Kiafrika, na wahanga walikuwa wameisumbukia kesi miaka na miaka mbele ya ile siku.

Tatizo letu ni nani atamkamata. CPI haina polisi hata mmoja. Mwezi wa pili 2014 Omar al-Bashir alikuja Kinshasa kwa mkutano wa COMESA, manda mbili za CPI ziko juu yake, na Congo ni mwanachama tangu 2002, akalala, akakutana na watu, akarudi kwake. Bajuji wa CPI wakaandika kwamba Congo haikutimiza wajibu wake na mambo yakaishia pale. Hiyo bado inaniuma.

Niambie kitu kimoja: majina ya ndani ya kaye ni ya miaka gani?

mama_Kadutu (Bukavu)

Mwanangu, usimusikilize yule jirani, hata kama najua ni woga njo unamusemesha na woga wetu uko na sababu. Nikukumbushe Kavumu, hapa kwetu karibu na kiwanja cha ndege. Batoto babinti badogo kabisa, bengine habajaanza hata shule, balikuwa banaibwa usiku ndani ya nyumba na kuharibiwa, miaka ilipita na kila mutu alikuwa anajua jina na hakuna aliyethubutu kulisema kwa sauti. Yule mukubwa wa kikundi kilichokuwa kinabaiba alikuwa depite wa provense! Depite mwenye imunite! Mwezi wa 12 mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa kule kule Kavumu, ikamuhukumu yeye na benzake kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na rufaa ya 2018 haikubadilisha.

Na unajua ni nini ilimushika? Makaratasi. Baganga ba hospitali ya Panzi kila mutoto aliyefika balikuwa banaandika tarehe, hali ya mwili, alitoka wapi. Wakati ile karatasi inaandikwa hakuna aliyekuwa anafikiria kesi, balikuwa banatibu tu. Babu yako alifanya kazi ile ile na krayo yake.

mtu_wa_Kenya (Lubumbashi)

Mimi natoka Kenya komini ya Lushi, tusichanganyane na nchi. Nawasoma na naheshimu lakini tusimudanganye huyu ndugu. Kilwa, mwezi wa 10 mwaka 2004, zaidi ya batu 70 baliuawa pale kando ya ziwa Moero. Prose, ile kesi yenyewe, ilifanyika hapa kwetu Lubumbashi, na 2007 mahakama ya kijeshi haikupata mutu hata mumoja na hatia ya yale mauaji. Familia zikaenda mpaka kwa Tume ya Afrika ya haki za binadamu, tume ikasema serikali ya Congo ndiyo inawajibika na ilipe bale balioleta malalamiko dola milioni 2.5. Kusema ni rahisi.

Na CPI ya La Haye je? Bemba, vice-prezida mzima, alipewa miaka 18 mwaka 2016 kwa mambo askari wake walifanya Bangui, na 2018 rufaa ikamwachilia. Bahanga ba kijiji cha Bogoro kule Ituri, kesi ya Germain Katanga, bajuji balipanga dola 250 kwa kila mutu, 250 kwa mutu aliyepoteza nyumba na bibi na batoto. Sisemi uichome hiyo kaye. Nasema uiweke ukijua pengine wewe hautaona mwisho wake, pengine ni mutoto wako.

mwana_wa_Ndosho (Goma)

Asanteni bote, na wewe wa Lushi asante hata kama maneno yako ni mazito. Kurasa za mwanzo ni 1997, kisha anaruka, anaanza tena 2007 na 2008. Ile ya mama mudogo ni 2008. Kuna kitu kingine sikuandika mwanzo: chini ya yale majina 11 babu aliandika kwamba alikuwa amejificha nyuma ya ghala ya maharagi, na kabla hawajaanza, yule aliyebaongoza alisimama pembeni na motorola, akasema "ndiyo afande" mara mbili, kisha akabapa ishara ya mukono. Hajaandika jina lake.

stajiere_Ibanda (Bukavu)

Ndugu yangu, hayo maneno mawili yana uzito kuliko unavyofikiri.

Kesi ya mkubwa haikosi maiti, maiti ziko mingi, kinachokosekana ni kamba inayotoka kwenye maiti mpaka kwa yule aliyekaa mbali. Kifungu cha 28 cha ule mkataba wa Roma kinasema mkubwa anawajibika kama alijua ao alipaswa kujua na hakuzuia wala hakuadhibu, na hapo hapo ndipo kesi ya Bemba ilivunjika, rufaa ilisema bajuji wa kwanza walikosea kuhusu kama Bemba alichukua hatua alizoweza kuchukua akiwa mbali. Kwa hiyo mtu aliyesikia "ndiyo afande" kwenye motorola anaonyesha kwamba kulikuwa na mtu mwingine upande wa pili wa ile redio. Peke yake haitoshi. Ikikutana na shahidi mwingine, na orodha ya nani alikuwa anaamuru kikosi gani siku ile, inaanza kuwa kamba.

Kuhusu miaka: CPI haiwezi kugusa kitu cha kabla ya 1/7/2002, kwa hiyo kurasa za 1997 haziingii kule. Ila zinaingia kwa miaka ambayo ile ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ilichunguza, 1993 mpaka 2003, visa 617, ripoti ilitoka 2010 na mpaka leo hakuna tribunali iliyoundwa kwa ajili yake. Za 2008 ziko ndani ya mamlaka, hata kama aliyetoa amri ni raia wa nchi isiyo mwanachama, sababu kosa lilifanyika ardhi ya Congo. Na haya makosa hayazeeki, kifungu cha 29. Bosco Ntaganda, mkubwa wa kundi la waasi, alihukumiwa 2019 kwa mambo ya Ituri ya 2002 na 2003, akapewa miaka 30.

Piga foto kila ukurasa, hata zile tupu, mchana kwenye mwanga, weka kopi mbili kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Usiweke foto hapa wala kwenye WhatsApp, kuna majina ya waliozika na hao wanaweza kuwa hai. Tafuta avoka wa shirika la haki za binadamu ambaye familia inamwamini, ongea naye uso kwa uso.

mwana_wa_Ndosho (Goma)

Nimesoma hii mara tatu. Shangazi njo alimuzika mama mudogo, jina lake iko ndani, anaishi Kyeshero. Kesho asubuhi naenda kwake na kaye. Swali moja tu: kama yeye anakumbuka siku ao mahali tofauti na vile babu aliandika, nifuate ya nani?

stajiere_Ibanda (Bukavu)

Usichague. Kaye iache vile iko. Chukua karatasi nyingine, andika maneno ya shangazi vile vile anavyoyasema, hata akilia andika kwamba alilia, weka tarehe ya kesho, na yeye aweke alama yake chini.