Hospitali ya kisiwani: tupimeje huduma za dharura?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Hospitali ni ndogo, haina daktari bingwa, umeme unakatika, na bahari ikichafuka boti ya rufaa haitoki. Tumehesabu vifaa vya dharura na karibu vyote vipo. Mbona watoto wa kichomi na akina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua bado tunawapoteza? Tupime nini hasa?

Jibu la 1
Mmehesabu vitu, hamkupima kazi. Dodoso la HEAT la WHO, la kutathmini kitengo cha dharura cha hospitali, linauliza kama tendo fulani linafanyika, na kama halifanyiki, kikwazo ni nini: kifaa, mtumishi, ujuzi au dawa. Lijazeni pamoja na zamu ya usiku, si ofisini kwa mganga mkuu. Saa nane usiku mwambieni muuguzi alete ambu (mfuko wa kumpulizia hewa mgonjwa) ya mtoto na maski inayomtosha, huku mkitazama saa. Ikipita dakika moja, hesabuni kwamba haipo. Mara nyingi imefungiwa stoo na mwenye ufunguo amelala kwake.

Kwa akina mama, anzeni na friji. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu, inataka nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi, kwa hiyo kwenye orodha "ipo" na mwilini haifanyi kazi. Andikeni joto la friji asubuhi na jioni. Mama akitokwa damu, traneksamiki asidi (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1, ichomwe mshipani polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Jibu la 2
Naongezea oksijeni, maana kisiwani ndiyo inayoua kimya kimya. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, unadumu dakika 680, yaani muda wa saa 11 na ushee. Mtungi mdogo wa safari wa lita 680 ni dakika 68 tu! Jumlisheni kusubiri gatini, kuvuka na gari la ng'ambo, kisha zidisheni mara mbili. Msipokuwa na kiasi hicho, mgonjwa asipakiwe.

Konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika, yenye kigawanyio, inahudumia watoto kadhaa, kwani wengi wanatosheka na lita 1 hadi 2. Osheni chujio kila wiki, na pimeni hewa inayotoka: ikiwa na oksijeni chini ya asilimia 82 haifai.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Na mapokezi?

Jibu la 1
Wapangeni wagonjwa kwa rangi tatu: nyekundu (wa dharura), njano (wa haraka), kijani (wa kusubiri). Mtu mzima wa njano mwenye mapigo ya moyo chini ya 60 au zaidi ya 130 kwa dakika, pumzi chini ya 10 au zaidi ya 30 kwa dakika, au oksijeni ya damu chini ya asilimia 92, aonwe na tabibu papo hapo, asirudishwe foleni. Oksimeta, kipimo cha oksijeni hiyo, ikae hapo mezani, imefungwa kwa kamba.